Jinsi Paneli ya Sola Inavyogeuza Mwanga wa Jua Kuwa Umeme

Kamati za parokia zinapotuandikia kuhusu umeme wa jua kwa ajili ya zahanati au shule, maswali mawili hurudi mara kwa mara. Je, paneli hufanyaje kazi? Na kwa nini taa huzimika baada ya miaka michache, wakati paneli bado ni nzima? Jibu la swali la kwanza hutusaidia kujibu la pili.

Paneli imeundwa kwa vipande vyembamba viitwavyo seli. Seli nyingi hutengenezwa kwa silikoni inayotokana na mchanga maalumu. Kila seli ina matabaka mawili. Tabaka moja limetiwa fosforasi kidogo sana, hivyo lina elektroni za ziada. Lingine limetiwa boroni, hivyo lina upungufu wa elektroni. Matabaka hayo yanapokutana hutokea nguvu inayozisukuma elektroni kuelekea upande mmoja tu.

Mwanga ukiipiga silikoni, hung'oa elektroni kutoka mahali pake. Nguvu ile huzisukuma hadi kwenye waya, zikapita katika taa na kuiwasha, kisha zikarudi kwenye seli kwa upande wa pili. Mwendo huo ndio umeme.

Wengi hudhani ni joto la jua linalofanya kazi. Sivyo, ni mwanga. Paneli ikipata joto kali umeme wake hupungua, kwa hiyo iachiwe nafasi ya hewa kati yake na bati.

Seli moja hutoa takriban nusu volti. Kwa sababu hiyo seli 36 huungwa kwa mfululizo ili kuchaji betri ya volti 12. Ni kama watu waliojipanga kupokezana ndoo za maji: mmoja akikwama, wote husubiri. Hata kivuli cha tawi kwenye seli chache hupunguza sana umeme wa paneli nzima.

Ujuzi huu si mpya. Mfaransa Edmond Becquerel aligundua mwaka 1839 kwamba mwanga unaweza kuzalisha umeme. Mwaka 1954 maabara ya Bell nchini Marekani ilionyesha seli ya silikoni iliyogeuza asilimia 6 hivi ya nguvu ya mwanga kuwa umeme. Paneli nyingi za leo hufikia asilimia 20 au zaidi.

Ndani ya seli hakuna kinachoungua wala kuzunguka, ndiyo maana paneli bora huweza kudumu miaka 25 na zaidi. Betri ni tofauti. Huhifadhi umeme kwa mabadiliko ya kemikali, na mabadiliko hayo huichosha. Betri ya risasi hudumu miaka michache tu, na hufa mapema zaidi ikikaushwa kila siku. Televisheni na simu nyingi zikiongezwa kwenye betri iliyopangiwa taa za zahanati, mkunga ndiye atakayebaki gizani na mama anayejifungua usiku.

Tunaziomba kamati zitenge akiba ya betri tangu mwezi wa kwanza, zimteue mtu wa kufuta vumbi kwenye paneli, na zisiongeze vifaa bila kumwuliza fundi. Nanyi wafadhili wetu, mnapouliza ni paneli ngapi zimefungwa, ulizeni pia betri ijayo itanunuliwa kwa fedha gani.