Pikapu Kuukuu, Tairi Sahihi: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua

Na Kitengo cha Mawasiliano ya Kaunti

Fika Njabini, Engineer au Ol Kalou alfajiri ya siku ya soko, msimu wa kuvuna viazi. Utaona pikapu zimepanga foleni, mifuko imefungwa kamba hadi juu ya kabini. Nyingi ya pikapu hizo zina umri mkubwa kuliko vijana wanaozipakia. Injini imewahi kufunguliwa, bodi imechomelewa hapa na pale, lakini gari bado linalipa karo na kupeleka maziwa kiwandani.

Sehemu inayosahaulika ni ile inayogusa barabara. Tairi likiisha, wengi wetu hununua lolote linaloingia kwenye rimu, mradi bei iwe nafuu. Tairi hilo huenda likavumilia gari likiwa tupu. Siku ya mzigo, kwenye mteremko na mvua ikinyesha, mambo hubadilika, na anayelipia kosa hilo huenda akawa abiria au mtu anayetembea kando ya barabara.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuchagua matairi na rimu zinazoifaa pikapu ya zamani.

Soma maandishi ya tairi

Kila tairi hujieleza ubavuni. Chukua mfano wa tairi linaloonekana kwenye pikapu nyingi za zamani zisizo za 4x4: 195R14C 8PR 106/104R.

195 ni upana wa tairi kwa milimita. R ya katikati ina maana kwamba nyuzi za ndani zimepangwa kwa mtindo wa radiali. 14 ni kipimo cha rimu kwa inchi. C inaonyesha tairi la gari la mizigo, na 8PR ni daraja la uimara wa kuta zake. 106/104 ni namba za mzigo: ya kwanza ni ya tairi likiwa peke yake upande mmoja wa ekseli, ya pili ni ya matairi mawili yaliyofungwa pamoja upande huo. Herufi ya mwisho ni ya kasi, na R hapo ni kilomita 170 kwa saa.

Namba ya mzigo ndiyo muhimu kuliko zote kwa mwenye pikapu. 106 ni kilo 950 kwa kila tairi. Sasa linganisha na tairi la gari dogo la 195/70R14 lenye namba 91. Upana ni ule ule na rimu ni ile ile ya inchi 14, lakini 91 ni kilo 615 tu.

Tupige hesabu. Pikapu yenye uzito wa kilo 1,300 ikiwa tupu inapobeba tani moja, sehemu kubwa ya mzigo hukaa nyuma. Ekseli ya nyuma inaweza kubeba karibu kilo 1,500. Matairi mawili ya namba 106 yanaweza kubeba kilo 1,900, kwa hivyo yana nafasi ya kutosha. Matairi mawili ya namba 91 hufika kilo 1,230 tu. Tofauti kati ya jozi hizo mbili ni kilo 670, zaidi ya mifuko 13 ya viazi ya kilo 50. Tairi lililozidiwa hujikunja sana ubavuni, hupata joto kutoka ndani, na mwishowe hupasuka.

Uzito wa gari na mzigo linaloruhusiwa kubeba umeandikwa kwenye logibuku. Kipimo cha tairi na upepo kwa kawaida huwa kwenye kibandiko kilicho karibu na mlango wa dereva. Ikiwa kibandiko kilipakwa rangi zamani, tafuta kitabu cha maelezo cha modeli hiyo, na usikubali tairi lenye namba ya mzigo iliyo chini ya ile iliyoelekezwa.

Umri wa tairi

Tafuta ubavuni alama ya DOT. Tarakimu 4 za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 1821 ni wiki ya 18 ya mwaka wa 2021. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri kabisa na bado likawa limezeeka, kwa sababu mpira hukauka na kupasuka nyufa hata likiwa stoo. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na likifika miaka 10 liondolewe hata kama linaonekana zima. Ushauri huu unahusu pia spea, ambayo hukaa chini ya bodi kwa miaka bila kuangaliwa.

Ukinunua tairi la mitumba, soma tarehe hiyo kabla ya kuuliza bei. Kisha pitisha mkono ndani ya tairi. Ukihisi kiraka karibu na ubavu, uvimbe au nyuzi zilizojitokeza, liache.

Kuhusu meno, ndani ya mifereji kuna vijiti vidogo vya mpira. Meno yakilingana na vijiti hivyo, yamebaki milimita 1.6. Barabara ikiwa na maji, tairi la namna hiyo haliwezi tena kuyasukuma kando vizuri.

Rimu: matundu sita hayatoshi

Watu wengi huhesabu matundu ya nati, wakiona ni sita kwa sita hufunga. Kuna mambo manne zaidi ya kukagua.

Kwanza ni umbali wa matundu. Pikapu nyingi za 4x4 za Kijapani zina nati 6 kwenye duara la milimita 139.7, yaani inchi 5.5. Kwenye rimu ya matundu 6, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linalolikabili moja kwa moja. Rimu za matundu 5 ni ngumu kupima kwa rula, kwa hivyo mwachie fundi mwenye kipimo chake.

Pili ni tundu la katikati. Rimu mbili zinaweza kulingana kwa nati na bado moja ikakwama kwenye habu kwa sababu tundu lake la kati ni dogo. Usikubali lichongwe kwa grainda.

Tatu ni jinsi rimu inavyokaa. Rimu inayotoka nje sana huipa gari sura ya ubabe, lakini huongeza kazi ya bearingi na huufanya usukani kuwa mzito. Ile inayoingia ndani sana huweza kugusa breki au springi. Vipande vya chuma vinavyowekwa kati ya habu na rimu ili kuisukuma nje ni vya kuepuka kwenye gari la mizigo.

Nne ni nati. Nati za Toyota na Nissan nyingi hufanana kwa macho, na zote ni za milimita 12. Lakini uzi wa Toyota ni wa 1.5 na wa Nissan ni wa 1.25. Ukilazimisha moja kwenye nyingine, unaharibu uzi na gurudumu linaweza kuchomoka njiani. Pia, nati ya rimu ya chuma si lazima iingie sawasawa kwenye rimu ya aloi, kwa hivyo uliza nati zinazoendana na rimu hiyo.

Kubadilisha saizi

Wengine hupenda kupanda kutoka rimu ya 14 hadi 15, na hilo linawezekana ikiwa kimo cha gurudumu zima hakibadiliki sana. Tairi la 195R14C lina kimo cha takriban milimita 666. 205/70R15C lina takriban 668. Tofauti ya milimita 2 si kitu.

Ukiweka 265/70R15, kimo hufika takriban milimita 752. Hapo kipima kasi kikionyesha 80, gari linaenda karibu 90. Injini ya dizeli iliyochoka hupanda mlima kwa shida zaidi, na breki hufanya kazi kubwa kusimamisha gurudumu hilo. Tena tairi pana kama hilo halifai rimu nyembamba ya inchi 5.5. Kanuni inayotumiwa na mafundi wengi ni kwamba kimo kisizidi wala kupungua zaidi ya asilimia 3.

Kwa barabara za murram na matope ya mvua za Machi hadi Mei, tairi la matumizi mchanganyiko, lenye alama ya A/T, linatosha wakulima wengi. Lile la matope pekee, M/T, lina meno makubwa yanayoshika udongo, lakini kwenye lami lina kelele na huisha haraka. Anayetumia lami siku nyingi anafaa H/T.

Usichanganye

Kwenye ekseli moja, matairi yawe ya saizi moja, aina moja na uchakavu unaokaribiana. Usifunge radiali upande mmoja na tairi la nyuzi zilizopishana upande mwingine. Kwa 4x4, matairi yote manne yalingane kimo, la sivyo gia za kugawa nguvu zitaumia. Ukiwa na pesa za mawili tu, mapya yafungwe nyuma.

Rimu nyingi za zamani ziliundwa kutumia tyubu. Uliza fundi kabla ya kufunga tairi lisilo na tyubu, kwa maana rimu isiyo na ukingo wa kulishikilia inaweza kuliachilia upepo ukipungua kwenye kona.

Baada ya kufunga

Pima upepo asubuhi tairi likiwa baridi, na ufuate kipimo cha gari likiwa na mzigo siku unayobeba. Usizidi upepo wa juu ulioandikwa ubavuni. Kaza nati kwa kuvuka kutoka moja hadi ile ya upande wa pili, si kwa kuzunguka. Baada ya kilomita 50 hadi 100, simama uzikaze tena. Ni kazi ya dakika 10 kwa wili spana.

Ukienda dukani wiki hii, kata kipande cha karatasi uandike mambo matano: saizi iliyo kwenye kibandiko, namba ya mzigo, idadi na umbali wa matundu ya rimu, kama rimu ni ya tyubu, na mzigo mzito zaidi unaobeba kwa mwaka. Mpe muuzaji karatasi hiyo kabla hajakuonyesha tairi lolote. Asiyeweza kukujibu namba ya mzigo, mshukuru na uende duka la pili.