Gaël, maziwa na wenye timu

Gaël Bigirimana alitumwa maziwa. Alikuwa mtoto wa miaka 11, na familia yake ilikuwa imeingia Uingereza mwaka 2004 baada ya kuondoka Burundi na kupitia Uganda. Njiani kwenda dukani, mjini Coventry, akapita kwenye akademi ya Coventry City, akaingia bila kualikwa na kuomba ajaribiwe. Wakamwambia mambo hayaendi hivyo, apitie shuleni kwake. Akang'ang'ania. Yaliyofuata watu wa Bujumbura wanayajua: Coventry wakamchukua, akapanda hadi timu ya wakubwa, na Julai 2012 Newcastle United wakamsajili.

Hadithi hiyo husimuliwa kama funzo la bidii, hasa na wazazi. Mimi inanivutia kwa jambo jingine kabisa. Zipange klabu alizopita mzaliwa huyo wa Bujumbura, moja baada ya nyingine, utaona kwamba karibu kila moja imenunuliwa, imeuzwa, imegombaniwa, au imekataa kununuliwa. Bila kukusudia, amevaa jezi za ugomvi mkubwa kuliko wote katika soka la siku hizi: timu ni ya nani?

Ugomvi huo uko hapa Bujumbura pia. Jumamosi saa kumi na moja jioni, mafundi wa mtaa wa Buyenzi wakishafuta grisi mikononi na kubanana mbele ya televisheni, benchi moja hukaliwa na jezi ya Yanga, ya Simba, ya Arsenal na ile ya milia myeusi na myeupe ya Newcastle. Wapo wanaoishabikia Newcastle mpaka leo kwa ajili ya Bigirimana tu, ingawa aliichezea mechi za kuhesabika na bao lake la kukumbukwa ni lile kombora la mbali dhidi ya Wigan, Desemba 2012. Mpira ukipoa, mjadala unahamia kwa wenye mali. Mmoja atasema pesa ya Msaudi aliyeinunua Newcastle ni pesa kama nyingine. Wa pili atauliza habari za Jamal Khashoggi, mwandishi wa habari wa Kisaudi aliyeuawa. Wa tatu atamgeukia huyo wa pili: na GSM, wafadhili wa Yanga yako, je?

Tuanze na Coventry. Desemba 2007 klabu iliangukia mikononi mwa Sisu, kampuni ya uwekezaji ya London, ikiwa hoi kwa madeni. Mwanzoni mashabiki walimshukuru Mungu. Baadaye Sisu wakagombana na wenye uwanja kuhusu kodi, na msimu wa 2013 timu ikahamishiwa Northampton, mwendo wa zaidi ya kilomita 50, kucheza mechi za "nyumbani" katika mji wa watu wengine. Nyuma ya uwanja ule wa Northampton kuna kilima. Mamia ya mashabiki walisafiri mpaka pale, wakapanda kilima, wakatazama mechi kutoka nje, kwenye baridi, huku viti ndani vikiwa vitupu. Walikuwa wamekula kiapo kwamba Sisu hawataona senti yao. Lakini kuacha kuitazama timu yao hawakuweza. Ukinitaka nieleze hisia mseto za shabiki kwa picha moja, nitakupeleka kwenye kilima kile: mtu anamchukia mwenye timu na anaipenda timu, yote mawili ndani ya koti moja la mvua.

Bigirimana alikuwa ameshaondoka wakati huo. Alirudi Coventry baadaye, na Aprili 2017 akafunga bao la kwanza Wembley walipoifunga Oxford United 2-1 na kutwaa kombe la EFL Trophy. Sisu bado walikuwepo. Mashabiki walishangilia kombe, kisha wakaendelea kuwapigia kelele wenye timu.

Newcastle nako Bigirimana alimkuta Mike Ashley, mfanyabiashara wa vifaa vya michezo aliyeinunua klabu mwaka 2007. Kwa kipindi fulani Ashley aliubandika uwanja wa St James' Park jina la duka lake. Chini yake timu ilishuka daraja mara mbili. Februari 2015 aliwatoa kwa mkopo wachezaji watano wa Newcastle kwenda Rangers ya Scotland, ambako pia alikuwa na hisa. Bigirimana alikuwa mmoja wao. Hakucheza hata dakika moja, na mwezi uliofuata wenye hisa wa Rangers wakaing'oa bodi nzima. Fikiria kijana wa miaka 21 anahamishwa kutoka timu moja ya bwana hadi nyingine, kama vipuri vinavyotolewa kwenye gari bovu na kufungwa kwenye gari bovu jingine.

Kwa hiyo tarehe 7 Oktoba 2021, Mfuko wa Uwekezaji wa Umma wa Saudi Arabia ulipochukua asilimia 80 ya Newcastle katika mauzo ya pauni milioni 305, watu waliocheza ngoma nje ya uwanja walikuwa na sababu. Miaka 14 ya Ashley si mchezo. Umoja wa mashabiki ulikuwa umewauliza wanachama wake, na zaidi ya asilimia 90 walikubali. Wengine walijifunga vitaulo vya jikoni kichwani wakijifanya Waarabu, mpaka klabu ikawaomba waache, kisha siku chache baadaye ikalegeza kamba. Watu wa Buyenzi, mtaa wenye misikiti tele, wangewafundisha kufunga kilemba bure.

Lakini mwenyekiti wa mfuko huo ni mwanamfalme Mohammed bin Salman, na miaka mitatu kabla ya mauzo hayo Khashoggi aliuawa ndani ya ubalozi mdogo wa Saudia mjini Istanbul. Mchumba wa Khashoggi, Hatice Cengiz, alipinga mauzo hayo hadharani. Ligi Kuu ya Uingereza ikasema imepewa uhakika kisheria kwamba dola ya Saudia haitaiendesha klabu. Kikundi kidogo cha mashabiki kiliendelea kupinga, na wenzao wakawaona wasaliti. Kisha tarehe 16 Machi 2025, Newcastle wakaifunga Liverpool 2-1 Wembley na kubeba Kombe la Ligi, kombe lao kubwa la kwanza la nyumbani tangu 1955. Sijui mwanadamu gani angesimama mbele ya mzee aliyengoja miaka 70 na kumwambia asifurahi. Na sioni pia kwa nini furaha ya mzee huyo ifute damu ya mtu. Mambo mawili haya yatakaa pamoja, hayatapatana, na shabiki atalazimika kuishi nayo.

Motherwell ni habari nyingine. Ni mji mdogo wa Scotland uliojengwa na chuma, na kiwanda chake kikubwa kilifungwa mwaka 1992. Bigirimana alifika huko 2017, mwaka mmoja baada ya mashabiki, kupitia chama chao kiitwacho Well Society, kuwa wenye hisa nyingi za klabu. Mwaka 2024 akaja Mmarekani, Erik Barmack, aliyewahi kuwa kigogo wa Netflix, na ofa ya kuwekeza. Wanachama wakapiga kura. Wakamkatalia. Timu haijawa Real Madrid kwa kukataa huko, lakini Jumamosi wanaingia uwanjani wakijua ni wao walioamua.

Mwishowe akaja kwetu, au karibu na kwetu. Julai 2022 Bigirimana alijiunga na Young Africans, yaani Yanga, ya Dar es Salaam. Hakukaa sana, ila kwa mtazamaji wa Bujumbura hapo ndipo habari inapoanza kuuma, maana Yanga na mahasimu wao Simba ni timu zetu pia. Amissi Tambwe alitoka Vital'O akawa mfungaji bora wa Tanzania akiwa Simba, akarudia akiwa Yanga. Saido Ntibazonkiza, aliyeanzia Vital'O, amezichezea zote mbili. Familia za hapa zimegawanyika sebuleni kama za Kariakoo.

Yanga wamepitia darasa lote. Agosti 2016 mkutano wa wanachama ulikubali kumkodishia mwenyekiti wao, Yusuf Manji, timu na nembo kwa miaka 10. Manji alikuwa akiilipia timu karibu kila kitu, na wengi hawakuona ubaya. Mzee Ibrahim Akilimali wa Baraza la Wazee alipinga waziwazi, akatukanwa na wanachama wenzake. Baraza la Michezo la Taifa nalo likaingilia kati. Mwaka uliofuata Manji akajiuzulu, na hapo ndipo Wanayanga walipojua wameachiwa nini. Msimu wa 2018/19, chini ya kocha Mkongomani Mwinyi Zahera, mashabiki walichangishana ili wachezaji wapate kusafiri na kula. Simba wakawapa jina la timu ya kutembeza bakuli. Klabu ya mwaka 1935, yenye mamilioni ya watu, ilikuwa imesimama juu ya mfuko wa mtu mmoja. Alipoondoka na mfuko wake, chini hapakuwa na kitu.

Kisha wakaja GSM, na makombe yakaanza kumiminika: ubingwa wa 2022, 2023, 2024, 2025, na fainali ya Kombe la Shirikisho 2023. Hersi Said, aliyetokea GSM, akachaguliwa rais wa klabu Julai 2022. Mwanayanga wa leo ukimuuliza juu ya GSM atakujibu kwa idadi ya makombe. Kwa upande wa Simba, mfanyabiashara Mohammed Dewji alishinda zabuni ya kuwekeza Desemba 2017 kwa ahadi ya shilingi bilioni 20, na serikali ikashikilia kwamba wanachama wabaki na asilimia 51. Mabishano juu ya bilioni hizo yameendelea miaka na miaka, kwenye mikutano na kwenye daladala. Yanachosha, ni kweli. Hata hivyo watu wanabishana juu ya tarakimu iliyoandikwa mahali, na hilo ndilo ninalowaonea wivu.

Kwa sababu kwetu timu hainunuliwi. Kwetu timu hupata mheshimiwa. Marehemu Pierre Nkurunziza, mwalimu wa michezo kabla ya kuwa rais, alikuwa na Hallelujah FC yake na alicheza mwenyewe. Mwaka 2018 mashirika ya habari ya nje yaliripoti kukamatwa kwa viongozi wawili wa Kiremba baada ya mechi ambayo rais alichezewa rafu. Aigle Noir ya Makamba haitajwi bila jina la Révérien Ndikuriyo, aliyekuwa rais wa Seneti na wakati huohuo rais wa shirikisho la soka, FFB. Sisemi hawakutoa. Walitoa, viwanja vikajengwa, vijana wakapata viatu na mishahara, na Aigle Noir wakawa mabingwa. Lakini mwenye timu ambaye hata kumchezea rafu ni kesi, utamzomea vipi? Mashabiki wa Newcastle waliandamana dhidi ya Ashley kwa miaka. Sisi tunanung'unika tukiwa kwenye brochette, tukiangalia nani amekaa meza ya pili.

Na Vital'O? Wazambarau, mabingwa wa nchi mara nyingi kuliko timu yoyote, waliofika fainali ya Kombe la Washindi Afrika mwaka 1992, wakatoka sare 1-1 na Africa Sports hapa nyumbani kabla ya kufungwa 4-0 Abidjan. Mabingwa wa Kombe la Kagame 2013 huko Sudan. Timu hii imebadilishwa jina zaidi ya mara moja. Iliwahi kuitwa Tout Puissant Bata, jina ambalo kila mtu alilijua kutoka kwenye viatu. Agosti 2024 ilipangwa na Yanga katika Ligi ya Mabingwa. Mechi ya nyumbani ikachezwa Chamazi, Dar es Salaam, kwa kuwa nchi haikuwa na uwanja ulioidhinishwa na CAF. Yanga 4, Vital'O 0. Wiki iliyofuata, 6-0. Coventry walipelekwa Northampton na mwekezaji mkorofi. Vital'O walipelekwa Dar na umaskini, na hapakuwa hata na mtu wa kuwapandia kilima.

Baada ya mabao yale 10 nilisikia wengi mjini wakiomba tajiri yeyote, awe Mwarabu, Mchina, au Mrundi wa Kanada, aje ainunue Vital'O hata kesho asubuhi. Ninawaelewa, na nafsi yangu imewahi kuomba hivyo hivyo. Ila ombi hilo lina hatari ndani yake: mwenye njaa hasomi mkataba. Wanayanga hawakusoma mwaka 2016. Coventry hawakusoma 2007. Tofauti ni kwamba Tanzania sheria ya 51 kwa 49 ilikuja kumkinga mwanachama, na Motherwell kura ilikuwepo kabla ya Mmarekani kufika. Akija mtu Bujumbura leo, atakuta nini cha kumzuia asihamishe timu, asibadilishe rangi, asiondoke na kila kitu akichoka?

Kwa hiyo neno langu ni kwa kamati ya Vital'O na kwa FFB. Msingoje tajiri agonge mlango ndipo mtafute kalamu. Andikeni sasa kwamba jina, rangi ya zambarau na makao ya Bujumbura haviuzwi. Andikeni wanachama ni akina nani, wana sehemu gani, na wanapiga kura lini. Madeni yawekwe wazi. Karatasi hiyo isomwe hadharani kwenye uwanja wa Intwari siku ya mechi, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, kila shabiki aisikie. Baada ya hapo tajiri na aje, tutampokea kwa ngoma.