Faili Imepotea? Iulize Yenyewe

Kama umewahi kufuatilia hatimiliki ya shamba au malipo ya uzeeni nchini Kenya, basi unayajua maneno haya: "Faili haionekani. Rudi wiki ijayo." Mimi niliyatamka miaka mingi, nikiwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali mjini Kisumu, kabla sijastaafu na kurudi nyumbani Otonglo. Na nyakati nyingi yalikuwa kweli tupu. Faili ilitoka, kadi ikabaki rafuni mahali pake, jina la aliyeichukua likaandikwa daftarini. Kisha mkubwa wa pili akaichukua mezani kwa wa kwanza bila kutuarifu, akaenda nayo mkutanoni, akaifungia kwenye droo, akapewa uhamisho wa Garissa. Akaondoka na funguo.

Kuna pia faili ambazo hazipotei, bali hupotezwa. Mei 2014, Charity Ngilu, wakati huo Waziri wa Ardhi, alifunga masjala ya Ardhi House, Nairobi, kwa siku kadhaa ili ipangwe upya. Faili nyingi ambazo wananchi walikuwa wameambiwa hazipo zikapatikana humo humo ndani.

Kwa hiyo kijana wa jirani yangu, anayeuza mitambo ya ofisi mjini, aliponiambia siku hizi faili inaweza kuitwa ikaitika, nilimwambia alete hicho kitu nikione. Akaja na kisomaji chenye mshikio wa bastola na lebo kadhaa za karatasi. "Mama, iangalie kwenye mwanga," akasema. Nikaiinua dirishani: utepe mwembamba wa fedha uliojikunja kunja, na katikati kidoa cheusi kidogo kuliko punje ya wimbi. Huo utepe ndio antena, na kidoa ndicho chipu.

Lebo haina betri. Kisomaji hutoa mawimbi ya redio, antena huyadaka, na nguvu yake ndogo inatosha kuiamsha chipu, ambayo huyarudisha mawimbi yakiwa yamebeba namba yake. Namba hiyo haifanani na ya lebo nyingine yoyote. Jina la mwenye shamba halimo kwenye lebo. Limo kwenye kompyuta ya ofisi, inayojua namba fulani ni ya faili gani. Kisomaji kizuri husoma mamia ya lebo kwa sekunde, bila faili kufunguliwa wala kugeuzwa. Lebo za aina aliyoleta husikika umbali wa mita kadhaa. Pasipoti za Kenya zilizoanza kutolewa Septemba 2017 nazo zina chipu isiyo na betri, ila hiyo imeundwa isomwe kwa karibu mno, na ndivyo inavyofaa.

Mtangulizi mmoja wa ujanja huu anachekesha. Mwaka 1945 watoto wa shule wa Kisovieti walimzawadia balozi wa Marekani mjini Moscow nembo ya taifa lake iliyochongwa kwa mbao. Ndani yake mlikuwa na kifaa cha kunasa sauti kilichobuniwa na Léon Theremin, bila betri wala waya, kilichofanya kazi pale tu kilipopigwa mawimbi kutoka nje. Kilining'inia ukutani hadi 1952, balozi baada ya balozi, ndipo kikagunduliwa. Leo tunataka mbinu ya wapelelezi itutafutie faili za pensheni.

Tukaijaribu kwa faili za chama chetu cha akina mama. Alizificha chini ya mto wa kiti, nyuma ya pazia, ndani ya kikapu. Kisomaji kikalia taratibu, kikazidisha kasi kadiri alivyosogea. Kisha nikachukua faili moja nikaitia kwenye bati la biskuti, nikafunika. Kimya. Mawimbi haya hayapenyi chuma. Nami nikakumbuka masjala yetu: makabati ya chuma tangu mlangoni hadi dirishani. Kijana akakiri kwamba ofisi nyingi hulazimika kubadili kabati kwa rafu zilizo wazi, na kwamba lebo zikibanana sana, moja juu ya nyingine, baadhi hazisikiki. Lebo yenyewe ni ya shilingi chache. Kisomaji cha mkononi hupita laki moja kwa urahisi, na bado hujaweka antena za milangoni wala programu.

Lakini wasiwasi wangu hauko kwenye bei. Lebo hubandikwa kwenye jalada, na karani yeyote anajua uovu hufanyika ndani ya jalada. Barua moja ikichomolewa, au ramani ikibadilishwa, faili itaendelea kuitika kwa uaminifu kwamba ipo rafuni. Ndiyo maana tulikuwa tukiandika namba kwenye kila karatasi kwa wino, moja, mbili, tatu, ili pengo lionekane. Ofisi itakayonunua mtambo huu na kuacha kuhesabu kurasa itakuwa imelipia jalada tupu lenye sauti.

Kingine, kisomaji cha mlangoni hakimzuii mtu. Kinaandika tu kwamba faili ilipita saa fulani. Lazima awepo wa kuisoma taarifa hiyo na kuuliza. Masjala ya zamani ilikuwa na karani aliyeogopa kumuuliza mkubwa, na mtambo haumpi ujasiri. Unampa tarehe na saa, ambazo kwa uzoefu wangu ni kitu kikubwa: ni vigumu kukana maandishi ambayo hakuna aliyeyaandika.

Chama chetu hakinunui. Kabati letu ni moja na katibu analijua kama jikoni kwake. Lakini kijana aliniuliza, ofisi yenye pesa za antena moja tu iifunge wapi? Wauzaji husema mlango wa masjala. Mimi nilimwambia aifunge mlangoni kwa mkurugenzi.