Kuzabuni Chumba: Bei ya Siri na Msafiri wa Hoteli za Mji Mkubwa

Neno zabuni limepatwa na mkasa wa aina yake katika Kiswahili cha Kenya. Asili yake ni Kiarabu, ambako zabuni ni mteja au mnunuzi, na katika matumizi ya kale kidogo kuzabuni kulikuwa kutaja bei ambayo mtu yu tayari kuitoa, hasa mnadani. Leo neno hili limefungiwa katika kurasa za matangazo ya serikali: zabuni ya kujenga daraja, zabuni ya kuiuzia shule mahindi na maharagwe. Makala haya yananuia kulitoa kifungoni na kulitumia kuelezea jambo ambalo wengi huliita mnada ilhali si mnada hata kidogo, yaani utaratibu wa kupata chumba cha hoteli ya mji mkubwa kwa kutaja bei mtandaoni. Jambo lenyewe linawahusu wasomaji wa jarida hili. Wahadhiri na wanafunzi wa uzamili hualikwa kwenye makongamano katika miji ya Marekani, na aghalabu gharama inayowatoa jasho baada ya nauli ni malazi.

Kampuni iliyouvumisha utaratibu huu ni Priceline, iliyoasisiwa na Jay Walker na kuanza kuhudumu nchini Marekani mwaka wa 1998. Ilianza na tikiti za ndege, kisha vyumba vya hoteli vikafuata mwaka uo huo. Ubunifu wenyewe ulikatiwa hataza mwezi wa Agosti 1998, kana kwamba kumwachia mnunuzi ataje bei ni jambo ambalo binadamu hakuwahi kulifanya kabla ya siku hiyo. Mama anayeuza sukumawiki Marikiti angecheka. Hata hivyo, tukichunguza kwa makini tutaona kwamba palikuwa na jambo jipya, na upya huo haukuwa katika kutaja bei bali katika kile kilichofichwa.

Katika mnada, wanunuzi husikiana. Mnadi hunadi, mmoja hutaja elfu moja, mwenzake elfu moja na mia mbili, na bei hupanda kwa kuwa kila mmoja anajua mwingine amefika wapi. Katika kupatana bei sokoni, iwe Gikomba au Kongowea, muuzaji ndiye hutangulia. Mnunuzi hukata bei hiyo nusu, muuzaji huapa kwamba atapata hasara, mnunuzi hujitia kuondoka, naye huitwa arudi. Katika utaratibu tunaouzungumzia hapakuwa na lolote kati ya hayo. Hoteli ilikuwa imekwisha kuweka bei yake ya chini kabisa, na bei hiyo ilikuwa siri. Mnunuzi alitaja yake bila kumwona mshindani wala kumsikia muuzaji. Mashine ililinganisha bei mbili, ikajibu ndiyo au la. Hii ni zabuni ya bahasha iliyofungwa, tena yenye mzabuni mmoja tu.

Swali linalozuka ni hili: kwa nini hoteli yenye hadhi ikubali kumuuzia mgeni chumba kwa nusu ya bei iliyotangaza? Jibu limo katika tabia ya bidhaa yenyewe. Chumba kilicholala tupu usiku wa leo hakiwezi kuuzwa kesho. Mwenye hoteli yuko katika hali ya mvuvi asiye na barafu jua linapotua: chochote atakachopata ni bora kuliko kutupa. Mgeni mmoja zaidi humgharimu shuka, sabuni, maji na ujira wa kusafisha chumba, basi. Jengo, mkopo wa benki na mishahara ya wafanyakazi hulipwa hata kama ghorofa nzima ni tupu. Lakini akibandika bei ya chini hadharani, mgeni aliyelipa dola 200 jana atakuja kudai, na mfanyabiashara ambaye angelipa dola 200 kesho hatazilipa tena. Kwa hiyo anahitaji njia ya kumuuzia mwenye mfuko mwepesi bila mwenye mfuko mzito kujua. Njia iliyopatikana ni kulificha jina la hoteli mpaka fedha zikwishe kutolewa. Waswahili husema mtu ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na kwa kawaida husema hivyo kwa kumwonea huruma. Hapa gunia ndilo lililoshusha bei ya mbuzi.

Tuchukue mji wa Chicago. Msafiri alichagua tarehe, akachagua sehemu ya mji kwenye ramani iliyogawanywa na kampuni, akachagua idadi ya nyota, akataja bei ya usiku mmoja kabla ya kodi, kisha akaingiza nambari ya kadi yake ya mkopo. Zabuni ikikubaliwa, kadi ilitozwa papo hapo na jina la hoteli likafichuliwa. Hapakuwa na kubadili nia, wala kurudishiwa fedha. Ikikataliwa, hakuruhusiwa kurudia zabuni ile ile kwa bei ya juu zaidi mpaka saa 24 zipite, isipokuwa abadilishe jambo jingine pamoja na bei, kwa mfano aongeze sehemu nyingine ya mji au apunguze nyota.

Kanuni hii ya mwisho iliwekwa ili mtu asipande dola moja moja hadi aigonge bei ya siri. Wajanja waliipatia dawa. Si kila sehemu ya mji ilikuwa na hoteli za kila daraja. Ikiwa msafiri alitaka hoteli ya nyota nne katikati ya mji, na akajua kwamba sehemu nyingine mbili za pembeni hazikuwa na hoteli hata moja ya nyota nne, aliweza kuongeza mojawapo bila hatari yoyote: mashine ilihesabu kwamba amebadilisha zabuni, ilhali kwa kweli hangeweza kupelekwa huko. Kila sehemu ya aina hiyo ilimpa fursa moja ya ziada. Ajuaye ramani alizabuni mara tatu au nne kwa siku moja. Asiyejua alizabuni mara moja akangoja kesho, au akaingiwa na hofu akataja bei kubwa kuliko ilivyohitajika.

Na hapo ndipo palipo na uzito wa suala lenyewe. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kwamba chumba kimetangazwa kwa dola 180 na bei ya siri ni 85. Msafiri wa kwanza anaanza na 60, anakataliwa; anaongeza sehemu isiyo na hatari na kutaja 75, anakataliwa; anaongeza nyingine na kutaja 88, anakubaliwa. Msafiri wa pili anataja 140 mara moja, naye anakubaliwa, na anaondoka akifurahi kwamba ameokoa dola 40. Je, zile 55 alizozitoa juu ya bei ya siri zilikwenda wapi? Hazikwenda kwa hoteli. Hoteli ililipwa kiasi ilichokiweka, na tofauti ikabaki kwa kampuni iliyosimama katikati. Tangazo lilimwambia mteja kwamba yeye ndiye anayetaja bei. Kweli alitaja, lakini kila alichokosa kukijua kilikuwa faida ya dalali. Sidhani kwamba huo ulikuwa wizi. Ila kauli kwamba mamlaka yalikuwa yamehamia kwa mnunuzi ilikuwa na chumvi nyingi.

Kuhusu nyota, tahadhari inahitajika. Katika nchi yetu hoteli huainishwa na mamlaka ya utalii ya serikali kwa vigezo vilivyokubaliwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Marekani hakuna serikali inayogawa nyota. Yapo mashirika binafsi yanayotathmini hoteli, na kila tovuti ya usafiri ina hesabu yake, hata hoteli moja yaweza kuwa na nyota tatu na nusu hapa na nne pale. Aidha, chumba kinachouzwa kwa jina la siri aghalabu huahidiwa kuwatosha watu wawili, lakini aina ya kitanda haiahidiwi. Wanafunzi wawili wanaopanga kugawana gharama wajiandae kwa uwezekano wa kugawana kitanda kimoja pia.

Wakati nao una lugha yake. Chicago hoteli huwa tupu Januari na Februari, baridi inapokuwa kali kiasi cha kumfanya mtu wa Pwani ajutie kuzaliwa, na katika miezi hiyo bei za siri hushuka sana. Zipo pia wiki ambazo ujanja wote hugonga mwamba: maonyesho makubwa ya biashara yanapofanyika katika jumba la McCormick Place, tamasha la muziki la Lollapalooza linapofanyika Grant Park wakati wa kiangazi, na mbio za marathoni mwezi wa Oktoba. Hizi za mwisho Mkenya hana udhuru wa kuzisahau, kwani ndizo alizoshinda Eliud Kipchoge mwaka wa 2014, na ndizo ambazo hayati Kelvin Kiptum aliweka rekodi ya dunia ya saa 2 na sekunde 35 tarehe 8 Oktoba 2023. Mji ukijaa, hoteli haina haja ya gunia. Umbali nao uzingatiwe. Hoteli za karibu na uwanja wa ndege wa O'Hare huwa na bei nafuu, na gari-moshi la njia ya buluu humfikisha mtu katikati ya mji kwa muda wa dakika 45 hivi. Lakini mwenye kuwasilisha makala saa mbili asubuhi afikirie mara mbili.

Utaratibu wa kutaja bei haukudumu. Kampuni yenyewe iliinunua Bookings ya Uholanzi mwaka wa 2005, na biashara hiyo ya bei za wazi ikaja kuimeza ile ya zabuni, hata kampuni mama ikabadili jina na kuitwa Booking Holdings mwaka wa 2018. Kuzabuni tikiti za ndege kulikomeshwa mwaka wa 2016, na upande wa hoteli nao ukafifia baadaye. Yamkini watu walichoka kubahatisha.

Gunia, hata hivyo, lingalipo. Priceline na mshindani wake Hotwire bado huuza vyumba vya hoteli zisizotajwa jina, ila sasa bei hutajwa na muuzaji, na mnunuzi hukubali au hupita. Ujuzi uliohitajika zamani ulikuwa wa kukisia bei; unaohitajika sasa ni wa kumpapasa mbuzi. Tangazo la hoteli iliyofichwa hueleza sehemu ya mji, idadi ya nyota, alama ilizopewa na wageni na huduma zilizopo, kama vile bwawa la kuogelea, ukumbi wa mazoezi au maegesho. Msafiri akiifungua orodha ya hoteli za wazi katika tovuti ile ile, akachuja kwa sehemu, nyota na alama zizo hizo, mara nyingi hubaki na hoteli mbili au moja. Ipo pia aina ambayo huonyesha hoteli tatu kwa majina na kuahidi mojawapo. Huko hakuna haja ya kupapasa. Kuhusu jumla ya malipo, kodi ya hoteli Chicago huzidi asilimia 15, na zipo hoteli zinazoongeza ada ya lazima kwa kila usiku. Tangu Mei 2025 kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani inawataka wauzaji wa vyumba waonyeshe bei pamoja na ada hizo tangu mwanzo, ingawa kodi za serikali zaweza kuongezwa baadaye.

Kwa msafiri wa Kenya, tishio kubwa halimo katika hoteli bali katika viza. Fomu ya kuombea viza ya Marekani huuliza mahali mwombaji atakapofikia, na wapo wanaokimbilia kulipia chumba cha siri ili wapate anwani ya kuandika. Viza ikikataliwa, au ikichelewa mpaka kongamano lipite, fedha hizo hazirudi. Serikali ya Marekani yenyewe huwashauri waombaji wasifanye mipango ya mwisho ya safari kabla ya kupata viza. Mpangilio wenye busara ni kuchukua kwanza nafasi inayoweza kufutwa bila malipo, kuandika anwani hiyo katika fomu, kisha viza ikipatikana kutafuta chumba cha siri katika wiki za mwisho, na kuifuta ile ya kwanza baada tu ya kuhakikisha kwamba ya pili imethibitishwa. Chumba kilichogharimu nusu kwa mtu mwenye pasipoti isiyohitaji viza huenda kikawa ghali mara mbili kwetu, nalo ni jambo ambalo waandishi wa miongozo ya usafiri huko Marekani hawana sababu ya kulitaja.

Limebaki suala la risiti, ambalo huwatatiza wengi wanaporudi nyumbani. Chumba cha aina hii hulipiwa kampuni ya mtandaoni, si hoteli, na kwa kawaida wahudumu wa mapokezi hawana idhini ya kukuandikia bei uliyoilipa. Ukiomba risiti siku ya kuondoka, utapewa inayoonyesha chai, simu na maegesho pekee, na ofisi ya fedha ya chuo haitaukubali usiku hata mmoja. Hati inayohitajika ni uthibitisho uliotumwa kwa baruapepe siku ya malipo, wenye jina lako, tarehe na jumla ya fedha. Uchapishwe kabla ya kusafiri, nakala mbili, moja ya mapokezi na nyingine ya mhasibu.