Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Bendera Iliyopanda Ngomeni Mwaka 1824

Ruiru ni mji wa kahawa, na kwetu sisi watu wa pwani ni mji wa bara hasa. Nilifika huko kwa ajili ya nikahi ya mtoto wa ndugu yangu. Baada ya sala ya alasiri tuliketi kibarazani, wazee kwa vijana, tukinywa kahawa tungu kama tuko Mvita. Njia ya reli iendayo Thika haikuwa mbali, na ndiyo iliyozusha maneno.

Kijana mmoja wa skuli ya sekondari akasema, "Ami, Mwingereza alikuja na reli hii. Kabla ya reli hakuwako."

Nikamwuliza, "Nani kakwambia, mwanangu?"

Akajibu, "Ndivyo tujuavyo sote."

Msomaji mpenzi, kijana yule si wa kulaumiwa. Kule Ruiru mambo ya Wazungu huhesabiwa tangu reli na mashamba ya kahawa. Lakini reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Miaka sabini na miwili kabla ya hapo, bendera ya Kiingereza ilikwisha kupepea juu ya Ngome ya Mombasa. Na la ajabu zaidi, haikupandishwa na Mwingereza. Tuliipandisha wenyewe.

Kisa kilikuwa hivi. Mazrui walikuwa wakiitawala Mombasa, na tangu katikati ya karne ya kumi na nane walikataa kuwa chini ya Mabusaidi wa Omani. Karibu na mwaka 1812 Mombasa na Pate ziliungana kuishambulia Lamu, zikashindwa vibaya katika Vita vya Shela. Watu wa Lamu, kwa kuchelea kisasi, wakamwita Seyyid Said wa Maskati awalinde, naye hakusita. Tangu hapo kamba ilizidi kukaza shingoni mwa Mombasa. Hata Pemba, iliyokuwa ghala ya chakula chao, iliwachopoka. Wazee wa Mvita wakatazama huku na huku, wakaona merikebu za Mwingereza ndizo zenye nguvu baharini. Wahenga wamenena: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwezi wa Disemba 1823 merikebu Barracouta, chini ya Kepteni Vidal, ilitia nanga Mombasa. Mazrui wakaomba ulinzi, Vidal akakataa. Hawakukata tamaa. Tarehe 7 Februari 1824 mkubwa wake, Kepteni William Fitzwilliam Owen, aliingia na merikebu Leven. Kazi yake ilikuwa kuipima pwani na kuchora ramani zake. Lo! Akaikuta bendera ya nchi yake juu ya Ngome, nayo imeshonwa na wenyeji.

Siku mbili baadaye mapatano yakaandikwa. Mombasa na milki zake ziwe chini ya ulinzi wa Uingereza. Mazrui waendelee kutawala, baba kwa mwana. Mapato ya forodha yagawanywe nusu kwa nusu. Wafanyabiashara wa Kiingereza waruhusiwe kwenda bara. Na biashara ya watumwa ikomeshwe.

Hapo kwenye sharti la mwisho ndipo palipo kiini cha jambo. Wazee walitaka mizinga ya kumzuia Seyyid Said. Owen alichukia biashara ya watumwa, akaiona Mombasa kuwa mahali pa kuipigia. Sharti lake lilikuwa la haki, nasi wajukuu hatuna budi kukiri, kwani biashara ile ilikuwa doa juu ya mikono mingi, na mikono ya kwetu imo. Lakini waliokubali walikubali kwa sababu ya mizinga. Mapatano yenye nia mbili hayakai.

Owen akamwacha Luteni John James Reitz kuwa mwakilishi, pamoja na watu wachache, kisha akatweka tanga. Reitz hakumaliza hata miezi minne. Alifunga safari ya Pangani, homa ikamshika, akafariki mwezi wa Mei 1824. Hadi leo watu wa Mombasa hutaja Port Reitz kila siku, wala wengi hawajui kwamba wanamtaja kijana aliyekufa kwa homa. Baada yake alikuja Luteni James Emery, ambaye alikuwa akiandika shajara ya mambo ya mji. Nayo mambo yalianza kuchacha: nusu ya forodha iliuma, na marufuku ya watumwa iliuma zaidi.

Wakati huo Seyyid Said hakulala. Alilalamika kwa serikali ya Kiingereza ya Bombay, na malalamiko yake yalikuwa na uzito, kwani Maskati ilikuwa na mapatano na Waingereza tangu mwaka 1798. Njia ya India ilikuwa na thamani kwao kuliko Mombasa. Owen alitenda bila idhini ya wakubwa wake, na wakubwa hawakumwunga mkono. Julai 1826 Emery akaondoka, na bendera ikateremka. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Yaliyofuata ni mazito. Seyyid Said alikuja na merikebu zake mwaka 1828, akarudi tena na tena, akakabiliwa kiume. Huo ndio wakati wa malenga wetu Muyaka bin Haji, aliyesimama na mji wake kwa ulimi. Mwaka 1837 Mombasa ikaanguka. Liwali Rashid bin Salim na wakubwa wenzake wakakamatwa, wakapelekwa Ghuba. Jamaa wengine wakahamia Gazi na Takaungu.

Hayakwishia hapo. Mwaka 1895 Mwingereza alitangaza himaya yake juu ya nchi hii, na safari hii hakungoja kuitwa. Mwaka huo huo vita vikazuka kuanzia Takaungu, na miongoni mwa waliompiga Mwingereza alikuwa Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gazi, mwana wa yule yule Rashid bin Salim. Wazee wake waliishona ile bendera. Yeye alipigana nayo. Mwaka 1896 alishindwa, akavuka mpaka kuingia nchi ya Wajerumani, na reli ikaanza safari yake kuelekea bara.

Kijana alinyamaza kitambo, kikombe mkononi. Kisha akauliza, "Sasa, Ami, wazee wangefanyaje? Adui yu mlangoni!"

Swali zuri. Nilimjibu lile niliaminilo: wangeanza kwa kupatana na Lamu. Safari ya Mvita kwenda Lamu ilikuwa fupi kuliko ya kungojea merikebu ya Owen.

Adhana ya magharibi ikatukuta hapo, tukainuka kwenda kutia udhu.