Vyuo vya Marekani vinatafuta wachezaji: binti wa Kasulo aanzie wapi?

Mwaka 2014 mkazi mmoja wa Kasulo, hapa Kolwezi, alichimba uani kwake akakuta kobalti. Haikupita muda mtaa ukajaa mashimo, mengine yakiwa ndani ya nyumba za watu. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta na familia zikahamishwa. Watoto waliokuwa wakianza shule wakati ule sasa wako humanités, na binti wa umri huo anayecheza basketi au handiboli ana haki ya kuuliza: yule kijana wa Lubumbashi alifikaje Marekani?

Kijana mwenyewe ni Oscar Tshiebwe, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1999. Aliondoka akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, akasoma Mountain Mission School huko Virginia, kisha Kennedy Catholic huko Pennsylvania. Makocha wa vyuo walimwona akiwa huko. Alianza Chuo Kikuu cha West Virginia mwaka 2019, akahamia Kentucky, na mwaka 2022 akatajwa mchezaji bora wa vyuo Marekani nzima, baada ya msimu wa wastani wa rebaundi 15.1 kwa mechi. Baadaye alicheza NBA.

Dikembe Mutombo wa Kinshasa alipita njia nyingine kabisa. Alifika Georgetown mwaka 1987 kwa ufadhili wa masomo, akitaka kuwa daktari. Kocha John Thompson ndiye aliyemvuta uwanjani. Kwake darasa lilitangulia mpira.

Angezaliwa California au Oklahoma, binti mwenye mkono mzuri wa kurusha huenda angetafutwa kwa softboli, mchezo wa jamii ya besiboli ambao fainali zake za vyuo huchezwa Oklahoma City. Lakini hata huko hesabu yake ilikuwa ngumu. Hadi msimu wa 2024-25, timu ya softboli ya daraja la kwanza iligawana ufadhili kamili 12 tu, hivyo wengi walipata nusu au robo. Basketi ya wanawake ilikuwa na 15, kila mmoja kamili. Tangu Julai 2025, vyuo vilivyokubali utaratibu mpya vinaruhusiwa kumfadhili kila aliye kikosini, yaani 25 kwa softboli na 15 kwa basketi. Kuruhusiwa, hata hivyo, si kulazimishwa. Na vyuo vya daraja la tatu havitoi ufadhili wowote wa michezo. Kocha wa huko akikuandikia, furahi, lakini uliza ada atalipa nani.

Sasa makaratasi, na hapa ndipo wengi wa kwetu wanapokwama. NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo, hutaka masomo ya msingi 16 kwa daraja la kwanza: lugha, hesabu, sayansi, maarifa ya jamii. Kifaransa chetu hakimzuii mtu, kwa sababu lugha ya shule yako ndiyo inayohesabiwa. Kinachouma ni muda. Miaka inayohesabiwa ni minne tangu darasa la tisa, ambayo kwetu ndiyo humanités yote, na unatakiwa kumaliza kwa wakati. Binti aliyerudia darasa kwa sababu minerval haikulipwa, au aliyeacha shule mwaka mmoja akaenda kuosha mawe, anaingia kwenye hesabu hiyo akiwa na deni, hata awe hodari namna gani. Mzazi atunze kila buletini.

Kuna pia cheti cha kuzaliwa. Mwaka 2011 watoto wa Uganda walishinda nafasi ya kwenda mashindano ya dunia ya besiboli ya Little League, Pennsylvania, wakanyimwa viza kwa sababu ya kasoro katika nyaraka za umri. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ilikwenda, ikawa ya kwanza kutoka Afrika. Kwetu sheria inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto bure. Zikipita, inabidi kwenda mahakamani kutafuta jugement supplétif, na ni afadhali kuitafuta mapema kuliko wiki ya safari.

Kocha wa kweli hamtozi mchezaji pesa ili ampe nafasi. Anayekuja Kolwezi na orodha ya majina akidai mamia ya dola «za kufungua faili» aombwe kwanza jina la chuo na barua pepe ya chuo chenyewe. Malipo halali yapo, na yanajulikana: ada ya usajili ya NCAA, dola 350 za SEVIS baada ya chuo kutoa fomu ya I-20, na dola 185 za ombi la viza. Mahojiano ni Kinshasa, na tiketi ya ndege kutoka Kolwezi ni juu ya familia.

Akifika, viza ya mwanafunzi humbana kufanya kazi nje ya chuo. Hata Tshiebwe, wenzake walipoanza kulipwa na matangazo, alisubiri ziara ya timu huko Bahamas, Agosti 2022, ili afanye yake nje ya ardhi ya Marekani.