KOMPYUTA YANGU YASINGIZIWA KULA UMEME!

Jamani, kupanga ni kazi! Hapa kwetu Ngamiani, Tanga, tuko wapangaji watano kwenye LUKU moja. Juzi uniti zikakata usiku, na asubuhi mama mwenye nyumba huyo mlangoni kwangu. Hata shikamoo yangu kaiitikia kwa mbali.

"Mwanangu, hilo kompyuta lako linatumaliza. Jirani yako kasoma nyuma, limeandikwa wati 500. Mwezi huu utalipa nusu ya umeme, ama uliondoe."

Nusu! Mie ambaye ugali wangu unatokana na kuchapa barua za watu!

Sasa msomaji wangu, kile kiboksi cha chuma nyuma ya kompyuta, chenye feni na tundu la waya, mafundi wanakiita pawasaplai. Kinapokea umeme wa ukutani, volti 230, kinaushusha uwe volti 12, 5 na 3.3, kwa kuwa vidude vya ndani havihimili zaidi. Zile wati 500 ni mzigo wa mwisho kinaoweza kubeba, siyo unaobebwa kila saa. Ni kama lori la tani 10 lililopakia magunia mawili ya machungwa ya Muheza. Tani 10 zimeandikwa ubavuni tu. (Na ukinunua ya mtumba, angalia kama nyuma kuna kiswichi cha 115 na 230. Kikiwa kwenye 115 ukachomeka hapa kwetu, utasikia paa! na moshi juu. Niulize mimi.)

Jumapili nikamwomba mama tufanye majaribio. Nyumba nzima tukazima, hata friji lake. Mita yetu imeandikwa 1000 imp/kWh, maana yake kile kijitaa chekundu kikikonyeza mara 1000, uniti moja imekwenda. Nikawasha kompyuta na skrini yake, tukahesabu dakika 10. Mara 15. Kwa saa ni 90, ndiyo wati 90 hizo. Saa 10 za kuchapa barua hazimalizi uniti moja!

"Kaka, hebu lete pasi yako," nikamwambia yule jirani msoma maandishi. Ya wati 1000. Ilipokuwa inapata moto, dakika moja tu kijitaa kikakonyeza mara 17. Mama alikuwa anahesabu kwa vidole, vikamwishia.

Akasimama, akafunga kanga yake vizuri.

"Nani mwingine ana pasi humu ndani?"

Kimya. Ile nusu yangu sijaisikia tena.